SOMO: TUMFUNDISHE MTOTO NYUMBANI KABLA YA SHULE

Siku moja tulikuwa Lemara, Arusha, tukimtembelea mama mmoja aliyemaliza kisomo. Tulimkuta anachambua maharage nje ya nyumba. Mtoto wake wa miaka minne alikuwa ameketi karibu, anachora kwa kijiti kwenye vumbi. Tukamwuliza, "Mama, huyu mtoto unamfundisha?" Akacheka, akajibu, "Mwalimu, mimi mwenyewe nimejua kusoma juzi tu. Nitamfundisha nini? Nikikosea je? Bora asubiri shule."

Jibu hili tumelisikia mahali pengi. Wazazi wengi waliosoma ukubwani huona haya kufundisha. Lakini mtoto yule hakuwa anasubiri shule. Alikuwa ameshaanza kuandika, ila hakuna aliyemtazama.

Somo la leo ni hili: elimu yako, hata kama ni ndogo, inamtosha mtoto mdogo kuanzia. Vinatakiwa vitu vitatu tu: mahali, wakati na vifaa. Vyote vimo nyumbani mwako.

1. KWA NINI TUFUNDISHE NYUMBANI?

Kwanza, darasa la awali na darasa la kwanza mara nyingi huwa na watoto wengi. Mwalimu ni mmoja. Hawezi kumshika mkono kila mtoto. Mtoto anayekuja anajua kusikiliza, kuhesabu vitu na kushika kalamu, humfuata mwalimu. Asiyejua huachwa nyuma tangu wiki ya kwanza, tena huanza kuiogopa shule.

Pili, wewe mwenyewe unafaidika. Kusoma ni kama jembe. Jembe lisilolimiwa hushika kutu. Watu wengi waliohitimu kisomo wamesahau herufi kwa sababu hawakusoma tena. Ukimfundisha mtoto kila siku, na wewe hutasahau.

Tatu, hatujui kesho. Mnamo Machi 2020 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, aliyekuwa hapa hapa Arusha. Siku iliyofuata, Machi 17, Serikali ilitangaza kufunga shule. Shule za msingi zilifunguliwa tena Juni 29. Kwa zaidi ya miezi mitatu watoto walikuwa nyumbani. Masomo yalitolewa kwa redio na televisheni, lakini mtoto mdogo hafundishwi na redio peke yake. Anahitaji mtu wa kuketi naye. Nyumba iliyokuwa na desturi ya kusoma haikupata taabu sana. Nyumba isiyokuwa nayo, watoto walisahau hata walichokuwa wanakijua.

2. NYUMBANI SI BADALA YA SHULE

Hapa tuelewane vizuri. Hatusemi mtoto asiende shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi ahakikishe kuwa mtoto aliyefikia umri anaandikishwa, na anahudhuria mpaka amalize shule ya msingi. Kwa sera ya sasa, Toleo la 2023, mtoto huingia darasa la awali akiwa na miaka 5, na darasa la kwanza akiwa na miaka 6. Hakuna ada katika shule za Serikali za awali na za msingi.

Basi, nyumbani tunamwandaa, na akishaingia shule tunamsaidia. Je, una mtoto mkubwa aliyekosa shule? Usimfiche. Nenda kwa Afisa Elimu Kata, uulize habari za MEMKWA. Huo ni mpango wa elimu ya msingi kwa watoto waliokosa.

3. MAHALI PA KUSOMEA

Wengine husema, "Nyumba yangu ni ndogo, sina chumba cha kusomea." Ndugu, hakitakiwi chumba. Wazee wetu wa kisomo miaka ya 1970 walisomea chini ya miti, makanisani, misikitini na katika ofisi za vijiji. Wengi walifundishwa na vijana waliomaliza darasa la saba. Hawakungoja majengo.

Chagua pembe moja ya nyumba. Iwe ni ile ile kila siku. Mtoto akiona mkeka umetandikwa pale, anajua sasa ni wakati wa kusoma. Kumbuka mambo haya:

(a) Mwanga. Kaeni karibu na mlango au dirisha. Mtoto anayeandika kwa mkono wa kulia, mwanga umjie kutoka kushoto, kivuli cha mkono kisifunike anachoandika. Anayetumia mkono wa kushoto, fanya kinyume chake. Tena usimlazimishe abadili mkono. Hana kosa.

(b) Moshi. Msikae karibu na mafiga. Moshi unaumiza macho na kifua. Koroboi nayo ina moshi na inaweza kumwunguza mtoto. Someni mchana, au tumieni taa ya sola kama ipo.

(c) Baridi na mvua. Sisi tunaokaa chini ya Mlima Meru tunaijua baridi ya Juni na Julai. Usimkalishe mtoto kwenye sakafu tupu. Tandika gunia, juu yake mkeka. Wakati wa masika someni ndani. Kiangazi mnaweza kukaa nje chini ya mparachichi, ila tazama juu kwanza kama matunda yamekomaa!

(d) Urefu. Ubao uwe chini, usawa wa macho ya mtoto. Ukiutundika kwa urefu wako, utasoma peke yako.

(e) Kelele. Zima redio. Wakubwa wasipite pite katikati.

4. VIFAA

Usikimbilie dukani. Tazama kwanza ulivyo navyo.

Ubao: Tafuta kipande cha mbao kilicho laini. Saga mkaa, uchanganye na uji mwepesi wa unga wa muhogo. Paka, acha ukauke, paka tena mara mbili au tatu. Watu wengine huvunja betri za tochi na kutumia unga mweusi wa ndani. Tafadhali msifanye hivyo. Ndani ya betri mna sumu. Chaki ikikosekana, kipande cha muhogo mkavu huandika.

Sinia la mchanga: Chekecha mchanga, uweke kwenye sinia. Mtoto aandike kwa kidole. Akikosea anafuta kwa kiganja, wala hakuna karatasi iliyoharibika. Hii inamwondolea hofu.

Vitu vya kuhesabia: vijiti, vizibo vya soda, magunzi, maharage. Vijiti kumi vifunge kitita kimoja. Mtoto ataiona kumi kwa macho.

Vitu vya kusoma: mfuko wa unga, pakiti ya chumvi, kalenda ya mwaka uliopita, gazeti hili. Kata neno moja kubwa, lipachike ukutani kwa uji.

HADHARI: Mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe maharage wala vizibo. Huviweka mdomoni, puani au masikioni. Harage likilowa puani huvimba, na itabidi mwende zahanati. Mbegu za mbarika, ambazo wengine huziita mbono au nyonyo, msizitumie kabisa. Ni nzuri kwa rangi, lakini ni sumu kali.

Weka vifaa vyote katika boksi moja. Mtoto ndiye avitoe, na yeye ndiye avirudishe. Kupanga vitu mahali pake nako ni elimu.

5. WAKATI

Mtoto wa miaka minne au mitano hawezi kuketi saa nzima. Dakika 15 hadi 20 zatosha. Chagua wakati mnaouweza kila siku: baada ya chai ya asubuhi kabla ya kwenda shamba, au jioni kabla giza halijaingia. Asiwe na njaa wala usingizi. Dakika 15 za kila siku zina faida kuliko saa mbili za Jumapili.

Hii ni ratiba ya mfano:

Jumatatu: Hadithi na vitendawili
Jumanne: Sauti za herufi
Jumatano: Kuhesabu
Alhamisi: Kuchora na kuandika
Ijumaa: Kurudia yote ya wiki

Kama shamba linakubana, mwachie bibi au babu siku ya hadithi. Koko asiyejua kusoma ana hadithi nyingi kuliko kitabu. Na baba naye asikae pembeni. Kufundisha si kazi ya mama peke yake.

6. TUFUNDISHE NINI?

Kusema na kusikiliza. Hili ndilo la kwanza. Mtoto mwenye maneno mengi kichwani husoma upesi. Mnapokwenda mtoni au shambani, mwulize: "Hii ni nini? Ni ya rangi gani? Ipi ni kubwa?" Kama nyumbani mnasema Kiarusha au Kimeru, semeni kwa lugha hiyo bila haya, kisha mwambie na neno la Kiswahili. Lugha mbili hazimchanganyi akili. Ni utajiri.

Kusoma. Anza na a, e, i, o, u. Kisha fundisha sauti ya herufi, siyo jina lake. M usiite "em". Sema "mmm", kama ng'ombe anapoanza kulia. S ni "sss", kama mafuta kwenye kikaango. Halafu unganisha: m na a ni ma. Ma na ma ni mama. Ukiongeza k, mtoto anaweza kusoma mama, kaka, kuku na makaa. Herufi mbili na irabu tano, tayari anasoma majina ya nyumbani kwake! Sauti moja kwa wiki yatosha.

Kuhesabu. Watoto wengi huimba moja mpaka ishirini, lakini hawajui tatu ni ngapi. Mpime hivi: "Nipe vijiko vitatu." Akikupa vitano, bado. Mwache aguse kila kitu akikitaja, kimoja kimoja. Jioni mbuzi au kuku wanapoingia, hesabuni pamoja. Mwulize, "Wameingia wanne, tunao watano. Bado wangapi?" Hiyo ni hesabu ya kutoa, naye hajui kama yuko darasani.

Kuandika. Vidole vya mtoto mdogo havijakomaa. Kupukuchua mahindi, kufinyanga udongo na kuchambua maharage vinavipa nguvu. Kisha achore mistari iliyosimama, iliyolala, na duara. Baada ya hapo ndipo herufi, halafu jina lake. Akigeuza herufi, nyuma ikawa mbele, usishtuke. Wengi huanza hivyo. Mwandikie sawasawa pembeni, aige.

7. WEKA FIMBO CHINI

Mtoto akikosea usimpige wala usimwite mjinga. Mtoto anayeogopa hafikiri. Anatazama mkono wako tu. Akichoka, funga somo. Akipatia, msifu.

Na wewe ukikosea je? Sema wazi, "Hapa nimekosea, ngoja tusahihishe." Usipolijua neno, liandike pembeni, umwulize mwalimu. Mtoto atajifunza jambo kubwa: kwamba hata mtu mzima hujifunza. Usibague pia. Msichana na mvulana waketi mkeka mmoja. Mtoto mwenye ulemavu naye mpe nafasi yake mbele.

8. TUMALIZIE

Yule mama wa Lemara tulimwomba jambo moja tu. Aache maharage kidogo, achukue kijiti, aandike jina la mtoto wake pale pale kwenye vumbi. Aliandika polepole, akafuta mara moja, akaandika tena. Mtoto akauliza, "Mama, hicho ni nini?" Mama akasema, "Ni wewe." Mtoto akalizunguka lile jina asilikanyage. Alipokuja mbuzi akamfukuza.

Hilo lilikuwa somo la kwanza. Lilichukua dakika tano, na halikugharimu hata senti. Ndugu msomaji, hata wewe unaweza kulianza leo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini yule mama aliona haya kumfundisha mtoto wake? Je, wewe umewahi kuona haya hivyo?
2. Taja mambo matano ya kuangalia unapochagua mahali pa kusomea.
3. Kwa nini tusitumie unga wa betri wala mbegu za mbarika?
4. Mtoto anahesabu mpaka ishirini, lakini ukimwomba vijiko vitatu anakupa vitano. Utamsaidiaje?
5. Katika mtaa wenu wako watoto wangapi waliofikia umri wa shule na hawajaandikishwa? Mtafanya nini?

ZOEZI

Leo chagua pembe ya kusomea nyumbani kwako. Andika katika daftari: (a) pembe hiyo iko wapi, (b) mtasoma saa ngapi, (c) vifaa vitatu ulivyovipata bila kununua. Lete daftari lako kwenye kikundi wiki ijayo.

MANENO YA KUJIFUNZA

Irabu: herufi a, e, i, o, u.
Kitita: vitu vilivyofungwa pamoja, kama vijiti kumi.
Usawa: kimo kilicho sawa na kingine.
Ratiba: mpango wa kazi na wakati wake.
Hadhari: onyo la kujilinda na hatari.