Somo la Mwezi: Mzee na Cheti cha Dawa



Katika somo hili twataka kujifunza jambo ambalo wengi wetu tunalijua nusu nusu: mzee asiye na uwezo anastahili msaada gani wa serikali anapohitaji dawa, na ni kitu gani kinachomzuia asiupate.

Siku moja tulimtembelea mama mmoja aliyepita miaka 70, anayekaa katika chumba cha uani hapa hapa Mikocheni. Ana ugonjwa wa presha. Juu ya kabati tulikuta vidonge vyake vimekatwa nusu kwa wembe. Tulipouliza, alitujibu kwa upole kwamba nusu anameza yeye na nusu mumewe, maana wote wawili wana presha na fedha iliyopo yatosha pakiti moja tu. Hakujua kwamba kwa kupunguza dawa hivyo presha yaweza kupanda kimya kimya mpaka kiharusi kimwangushe mtu. Wala hakujua kwamba sera ya nchi inamtaja mtu kama yeye.

Wengine watashangaa kusikia habari hii ya Mikocheni, mtaa unaosifiwa kwa majumba. Lakini nyuma ya kuta ndefu wamo walinzi wazee, na wamo wastaafu wenye nyumba nzuri ila mfukoni hamna kitu. Nyumba ni mali, lakini haimezwi kwa maji.

1. Haki hii ilitoka wapi?

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 tulizoea kutibiwa bure katika hospitali za serikali. Mwaka 1993 ulianza utaratibu wa kuchangia gharama. Hata hivyo serikali iliona kwamba si wote wanaoweza kuchangia, ikaweka msamaha kwa makundi maalum. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitamka kwamba mzee ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi. Sera ya Afya ya mwaka 2007 nayo ikawaweka wazee wasio na uwezo miongoni mwa wanaostahili kutibiwa bila malipo. Kutibiwa maana yake si kupimwa tu. Ni pamoja na dawa.

Sisi wastaafu tuliobaki na kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) tusidhani kila mzee anayo. Mfuko ule ulianza mwaka 2001 kwa watumishi wa serikali. Mvuvi wa Msasani na mama aliyeuza vitumbua miaka 40 hawakuwamo.

2. Ni nini kinachozuia?

Tumeona vizuizi vitatu.

Cha kwanza ni karatasi. Msamaha hautolewi kwa mvi peke yake. Mzee hana budi kutambuliwa na viongozi wa mtaa wake kwamba hana uwezo, kisha apate kitambulisho au barua. Asiyejua aanzie wapi huishia mlangoni.

Cha pili ni aibu. Kuomba msamaha ni kukiri mbele ya watu kwamba huna kitu. Mzee aliyelea watoto saba kwa jasho lake aona afadhali alale na maumivu. Wenzetu wa Zanzibar walipoanzisha Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016 hawakuuliza nani maskini. Kila mkazi aliyetimiza miaka 70 alistahili, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi, na kiasi hicho kimeongezwa baadaye. Fedha ile si ya dawa peke yake, lakini mzee huipokea bila kuinamisha kichwa.

Cha tatu ndicho kigumu kuliko vyote: mzee anao msamaha, amepimwa, ameandikiwa, anafika dirisha la dawa anaambiwa dawa hakuna, akanunue nje. Hapo msamaha umefika mwisho. Kwa nini? Kituo cha serikali hupata dawa kutoka Bohari ya Dawa (MSD), na katika kuzinunua hutegemea pia fedha za wagonjwa wanaochangia. Anayetibiwa kwa msamaha hatoi kitu, na mara nyingi pengo lile halizibwi na mtu. Hivyo kadiri kituo kinavyowahurumia wengi, ndivyo rafu zake zinavyoweza kubaki tupu. Kosa si la yule dada wa dirishani, tusimgombeze.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, yalenga pengo hilo. Ndani yake umewekwa mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, ili kituo kinachomtibu maskini kilipwe. Sheria ni jambo jema, lakini hata chini yake lazima ajulikane nani hana uwezo. Jina lisiloandikwa halina bima.

3. Mafundisho kutoka Matendo ya Mitume 6:1-7

Someni mlango huu nyumbani. Chakula kilikuwepo kila siku, na wagawaji walikuwepo. Hata hivyo wajane wengine walisahauliwa. Mitume hawakuwaambia wajane wavumilie. Walichaguliwa watu saba wenye sifa njema wasimamie kazi ile. Nasi leo tunayo sera. Tunachokosa ni watu saba.

4. Tufanye nini?

(a) Tuandike majina ya wazee wa jirani zetu wenye dawa za kila siku, bila kujali dini zao.

(b) Tumsindikize mzee kwa Mwenyekiti na Ofisa Mtendaji wa Mtaa, na kwa Ofisa Ustawi wa Jamii. Achukue kitambulisho chake cha taifa ikiwa anacho. Hata katika hospitali ya rufaa ya mkoa, kama Mwananyamala, mgonjwa asiye na fedha aombe kumwona Ofisa Ustawi wa Jamii kabla hajakata tamaa.

(c) Tumwombe daktari aandike jina la asili la dawa, si jina la kibiashara. Dawa ni ile ile, ila bei yaweza kupungua sana.

(d) Dawa ikikosekana, tuulize itafika lini na kituo gani cha serikali kilicho jirani kinayo. Ikibidi kununua, tununue katika duka lililosajiliwa, kamwe si kwa mchuuzi wa njiani.

(e) Mzee asikate kidonge wala kuacha dawa pasipo kumwuliza daktari.

Yule mama tulikwenda naye ofisi ya mtaa mara tatu. Mara ya kwanza mhusika hakuwepo. Mara ya pili karatasi ilipungua sahihi. Mara ya tatu akapata barua. Alituambia kwamba peke yake asingerudi mara ya pili. Siku hizi yeye na mumewe wanameza kila mtu kidonge chake, ingawa miezi mingine dawa hukosekana na hatuna budi kuchanga. Kazi haijaisha, lakini wembe umerudi kwenye kazi yake.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mtaa wako ni wazee wangapi wanaotumia dawa za kila siku? Je, unawajua kwa majina?

2. Kwa nini mzee huona aibu kuomba haki yake? Maneno gani yetu humwongezea aibu hiyo?

3. Ni nani saba katika kanisa letu watakaoianza kazi hii kabla ya mwezi kwisha?