Dondoo muhimu: Kumtia mwenzako moyo

Mkoani Pwani "pole na kazi" hutoka mdomoni kwa mazoea, hata kwa aliyepita mbio juu ya bodaboda. Ni salamu nzuri, lakini haitoshi.

• Simama kidogo, utaje ulichokiona: "Mama, palizi yako mwaka huu imekubali, muhogo umenona." Sifa ya jumla hupita na upepo.

• Usimngoje mshindi. Mwaka 1968 kule Mexico, John Stephen Akhwari wa Mbulu alimaliza marathoni ya Olimpiki akichechemea, goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa mwisho kati ya 57 waliofika. Watazamaji wachache waliobaki uwanjani walimpigia makofi. Wangapi leo wanamkumbuka aliyeshika nafasi ya kumi?

• Matokeo ya darasa la saba yakitoka, usianze na "mwenzako kapata ngapi?" Muulize mtoto anapenda kufanya nini, kisha usikilize. (Wazee, hapa ndipo tunaposhindwa wengi.)

• Neno liende na mkono. Hongera kwa mzazi mpya ni tamu. Ndoo mbili za maji mlangoni kwake ni tamu zaidi.

• Aliyefiwa asiambiwe "jikaze". Kaa naye jamvini, hata kimya.