Pesa imetoka kwa simu, lakini till haijaiona: somo kutoka foleni ya rola kosta

Likizo za shule zikifika, maswali yanayoingia kwa dawati letu la huduma kwa wateja hubadilika. Miezi mingine watu huuliza kuhusu kodi ya nyumba na tokeni za stima. Agosti na Desemba wanauliza kuhusu viingilio, bembea na boti. Na swali moja linarudi kila msimu: "Nimelipa, pesa imekatwa, lakini mhudumu anasema hajaona kitu. Nilipe tena?"

Jibu fupi ni hapana, usilipe tena bado. Jibu refu tuliamua kulitafuta pale pale pesa inapolipwa. Jumamosi moja tukaenda kwenye uwanja mmoja wa burudani nje kidogo ya Nairobi. Jina hatulitaji, maana tuliyoyaona huko yako hata kwingine. Ni uwanja wa zamani. Gurudumu kubwa limesimama, viti vyake vimeshika kutu. Farasi wa kuzunguka wanazunguka, ila wawili hawana masikio. Magari ya kugongana yalikuwa manne yanayotembea na sita yaliyofunikwa turubai. Lakini watu walikuwa wengi kweli, na wote walikuja kwa sababu moja: rola kosta mpya, ya rangi nyekundu, inayoonekana ukiwa bado barabarani.

Kwa ambaye hajawahi kuipanda, rola kosta haina injini ndani ya yale mabehewa. Mnyororo unayavuta polepole hadi kilele cha kwanza, kisha yanaachiliwa, na kutoka hapo ni uzito wake tu unaoyakimbiza. Ule mlio wa ka-ka-ka mnaousikia mkipanda ni vyuma vya usalama vinavyodonoa meno ya reli, ili mnyororo ukikatika gari lisirudi nyuma. Mashine ya kwanza ya aina hii kutengeneza pesa nzuri Marekani ilifunguliwa Coney Island, New York, mwaka wa 1884. LaMarcus Thompson alitoza senti 5 kwa kila mtu, na ilikwenda mwendo wa kama kilomita 10 kwa saa, yaani mtu wa baiskeli angeipita. Watu walipanga foleni hata hivyo. Na pale mtu alitoa sarafu, mhudumu akaishika mkononi, mambo yakaisha.

Siku hizi sarafu haionekani, na hapo ndipo shida huanzia.

Langoni tulikuta namba tatu tofauti za kulipia. Moja ilikuwa till iliyochapishwa kwenye bango. Ya pili iliandikwa kwa kalamu kwenye kadibodi karibu na magari ya kugongana. Ya tatu kijana aliitamka kwa mdomo: "Tuma tu kwa hii yangu, ni haraka." Tofauti kati ya hizi si ndogo. Ukilipa kwa till ya Buy Goods ya M-PESA, wewe mteja hukatwi ada, mwenye biashara ndiye anayebeba gharama. Ukituma kwa namba ya mtu, au kwa Pochi la Biashara, unakatwa ada ya kutuma kama kawaida. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, kutuma kati ya shilingi 101 na 500 ni shilingi 7, na kati ya 501 na 1,000 ni shilingi 13. Mtoto akicheza michezo mitano ya shilingi 200, na kila mara unatuma kwa namba ya kijana, umetoa shilingi 35 za ada. Si pesa nyingi, lakini ni soda, na ungelipa kwa till usingeitoa.

Jambo zito zaidi ya ada ni ushahidi. Pesa iliyoingia kwa simu ya kijana haionekani popote kwenye hesabu za uwanja. Kukitokea mzozo, meneja atakwambia hamjui, na kwa vitabu vyake atakuwa anasema kweli. Kwa hivyo ukipewa namba kwa mdomo, omba ile iliyo kwenye bango la langoni. Kisha soma jina linalotokea kwenye simu kabla hujamaliza. Mara nyingi jina la till si jina la uwanja, ni la kampuni au la mwenyewe, kwa hivyo uliza: "Till yenu inasoma jina gani?" Anayefanya kazi pale kihalali atakujibu bila kufikiri. Kibandiko cha namba kilichobandikwa juu ya kingine usikilipie kabla hujauliza ofisini.

Sasa turudi kwa foleni ya rola kosta. Mbele yetu kulikuwa na mama mmoja aliyetoka Kitengela na watoto watatu. Tiketi ilikuwa shilingi 400 kwa kila mtu, kwa hivyo alilipa 1,600 kwa till ya bango. Kabla ya hapo alikuwa na 2,600. Alingoja ujumbe. Haukuja.

"Mama, bado haijaingia upande wetu," mhudumu akasema.

"Kijana wangu, mimi nimeweka PIN."

"Najua, lakini siwezi kuwapandisha. Lipa tena, hiyo ingine itarudi yenyewe."

Nyuma watu walikuwa wameanza kunung'unika, na mtoto mdogo alikuwa tayari anavuta sketi ya mama. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na si kwa sababu ya wezi. Ni haraka na aibu ya kusimamisha foleni. Mama alikuwa amebakiwa na 1,000. Kulipa 1,600 tena kungemlazimu kukopa 600 kwa Fuliza, ambayo ina ada zake, na kurudi Kitengela na watu wanne bila nauli.

Tulimwambia afanye jambo moja tu: aangalie salio, halafu taarifa fupi ya miamala. Kwa M-PESA unaipata kwa app au kwa *334#. Kama salio halijapungua, malipo hayakupita na unaweza kujaribu tena bila wasiwasi. Kama salio limepungua na muamala unaonekana kwenye taarifa pamoja na msimbo wake, pesa imeshatoka na imeshafika. Kilichochelewa ni ujumbe tu. Ujumbe na pesa ni vitu viwili tofauti, na mtandao ukilemewa na watu wengi mahali pamoja, ujumbe ndio huchelewa. Wa mama ulikuwa umeonekana kwenye taarifa: msimbo wa herufi na tarakimu 10, jina la till, saa, 1,600.

Mhudumu naye hakuwa mdanganyifu. Simu aliyoshika haikuwa ile inayopokea ujumbe wa till. Hiyo ilikuwa ofisini na msimamizi, na huku nje kijana alikuwa anapigiwa simu na kusomewa majina. Mama akamsomea ule msimbo, kijana akapiga, msimamizi akautafuta, ukapatikana. Dakika kumi na moja hivi. Wakapanda wote wanne, na nauli ikabaki.

Kwa biashara zinazosoma hapa, tafadhali: mpeni anayesimama langoni njia ya kuona malipo mwenyewe. Msimtume kijana kubishana na wazazi akiwa hana kitu mkononi.

Mnamo saa tisa mvua ikanyesha. Rola kosta ikasimamishwa, na hilo ni sawa kabisa, reli ikilowa breki hazishiki vile vile na radi haina huruma na chuma kirefu. Lakini kulikuwa na watu waliolipa na hawajapanda. Wengi walitoa simu wakaanza kuulizana jinsi ya "kurivasi". Hili linahitaji kueleweka vizuri.

Kurudisha muamala ni kwa pesa iliyokwenda pahali usipokusudia. Umekosea tarakimu ya till, umetuma kwa mtu mwingine. Hapo unatuma ule ujumbe wa M-PESA kwa 456 mara moja, kabla aliyepokea hajaitumia. Lakini kama ulilipa till sahihi, kiasi sahihi, na huduma ndiyo haikutolewa, hilo si kosa la muamala. Ni deni kati yako na biashara. Biashara lazima ikubali kurudisha, na sisi hatuwezi kuingia kwenye till ya mtu tukachota kwa sababu mvua ilinyesha. Wengine hukasirika tukiwaambia hivyo. Lakini fikiria ungekuwa wewe ndiye mwenye till, na mteja aliyeshakula chapati zako anaweza kuzirudishia pesa akiwa kwenye matatu.

Hiyo haina maana kwamba huna haki. Kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya wateja. Kabla hujafika huko, nenda ofisini ukiwa bado uwanjani, onyesha msimbo, na uombe moja kati ya mawili: pesa irudishwe kwa namba ile ile iliyolipa, au tiketi yenye tarehe mpya, imeandikwa na kupigwa muhuri. Ahadi ya mdomo ya "mrudi tu wiki ijayo, mtapandishwa" usiikubali. Wiki ijayo kijana mwingine ndiye atakuwa langoni.

Vivyo hivyo kwa kifurushi cha "michezo yote". Siku ile kilikuwa shilingi 1,500, na michezo iliyokuwa ikifanya kazi tuliihesabu mitano kati ya kumi na miwili. Zunguka kwanza, uone kinachotembea, ndipo uamue kati ya kifurushi na kulipia mchezo mmoja mmoja. Ukilipia mmoja mmoja, lipa kabla hujaingia kwenye foleni, ukiwa umesimama pembeni mahali mtandao unashika, na usiufute ujumbe hadi mfike nyumbani. Nauli ya kurudi itenge mapema, kwa M-Shwari au kwa simu ya mtu mzima mwingine mliyekuja naye, ili salio unaloliona uwanjani liwe ni la kucheza tu.