SOMO LA MIFUGO: VIRUSI VILIVYOVAA SURA YA SELI YA NGURUWE

Katika milima ya Umatengo nguruwe ni akiba ya kaya. Fedha za kahawa huja kwa msimu. Nguruwe huuzwa pale ada ya shule inapodaiwa na malipo ya kahawa bado hayajafika. Ndiyo sababu homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo R. E. Montgomery aliieleza kutoka Kenya mwaka 1921, yawapasa makatibu wa vyama vya msingi kuifahamu kwa undani. Haimwambukizi binadamu, lakini haina tiba, na aghalabu huua karibu kundi zima.

Yafaa kwanza kueleza kazi ya kipokezi. Juu ya utando wa kila seli vimo vipokezi, ambavyo kwavyo seli hushikana na wenzake, hupokea habari na kuipeleka ndani. Kimojawapo, kiitwacho CD2, kimo katika seli nyeupe za kinga. Kwa hicho hushikana na seli nyingine na kuamshwa zipigane.

Virusi vya homa hii vina kipokezi kinachofanana nacho, CD2v, na wataalamu huamini kuwa asili yake ni mnyama mwenyewe. Vikiisha kuingia katika seli, hukisimika juu ya utando wake. Hapo chembe nyekundu za damu hunasa, na virusi husafiri mwilini vimezishikilia. Nazo seli za kinga, zilizopaswa kuongezeka, hupoa. Protini nyingine ya virusi, A238L, huigiza breki ya seli yenyewe, hata king'ora cha ndani kisilie. (Si hila moja tu inayoua: CD2v ilipoondolewa katika virusi vya aina moja, ukali ulipungua, katika aina iliyozuka nchini Georgia mwaka 2007, ukali ulibaki.)

Hapa ndipo penye hatari kwa mfugaji. Damu ya nguruwe mgonjwa imejaa virusi. Anayemchinja upesi ili kuokoa fedha yake hueneza ugonjwa kwa kisu, kwa maji ya kuoshea, na kwa makombo yatupwayo bandani. Ugonjwa ulipozuka Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mwaka 2010, baadaye ulionekana hata Dar es Salaam. Mwanachama anayepokea nguruwe wageni kwa njia ya ziwa, Mbamba Bay au Lituhi, awatenge kwanza. Na aonapo homa kali, masikio yaliyoiva wekundu na vifo vya ghafla, amwite bwana mifugo kabla kisu hakijanolewa.