"Yeye" Atakuponza: Vidokezo vya Viwakilishi na Nyakati Kwenye Mtihani wa Kiingereza

Mwanafunzi akikwama kwenye swali la kuchagua, hurudi utotoni: ana ana ana do, kidole kikisimama kwenye C, basi C ndiyo jibu. Nimewaona wakifanya hivyo, midomo ikicheza bila sauti, na sijawahi kuwacheka kwa sababu mimi mwenyewe nilifaulu hivyo maswali kadhaa na kufeli mengi zaidi. Ila kusahihisha madaftari ya tuisheni kumenionyesha jambo moja: makosa ya viwakilishi na nyakati hayatokei ovyo. Karibu yote yana mama mmoja, naye ni Kiswahili chetu kilichotangulia kichwani. Ukijua kinakuvuta wapi, na wapi kinakubeba, kidole utakiacha kipumzike.

1. Muulize mwenye mali, achana na mali

Kwetu yeye ni yeye, awe bibi au babu. Ndiyo maana mtu aliyesoma Kiingereza hadi chuo kikuu bado humwita mama yake mzazi "he" akiongea haraka haraka. Kwenye karatasi mtego huwa kwenye umilikaji. Tazama: "Asha went to the hospital with ___ father." Wengi hujaza "his", eti kwa kuwa baba ni mwanamume. Sisi tumezoea kimilikishi kikifuata kinachomilikiwa: kitabu chake, nguo zake, gari lake. Kiingereza kinamfuata mwenyewe. Mwenye baba hapa ni Asha, kwa hiyo ni "her". Mpigie mstari mwenye mali kabla hujayaangalia majibu.

2. Mfukuze mwenzako

"The teacher gave Asha and ___ two books." Ni "I" au "me"? Mfute Asha, usome tena: "The teacher gave I two books." Sikio linakataa lenyewe. Tatizo letu ni kwamba "mimi" habadiliki: mimi na Asha tulikwenda, alitupa mimi na Asha, yuleyule mbele na nyuma.

Dawa hii inagoma sehemu moja, "between you and ___", maana huwezi kuwa kati ya mtu mmoja. Hapo kubali kukariri: baada ya kihusishi ni "me", "him", "her", "us", "them". Utawasikia hata Waingereza wenyewe wakisema "between you and I". Waache. Wao hawafanyi mtihani wako.

3. Usimpandishe abiria mara mbili

Kitenzi cha Kiswahili ni daladala, kinabeba kila mtu. Katika "kitabu nilichokisoma", kitabu kimepanda mara mbili, kwenye -cho- na kwenye -ki-, na hakuna anayelalamika. Mwanafunzi akikihamisha hivyo hivyo anaandika: "The book which I read it was interesting." Hiyo "it" ni abiria aliyezidi, kwa kuwa "which" ameshakaa kwenye kiti chake. Ndugu yake ni "My brother he works in Mombasa", ambapo "he" imetoka kwenye ile a- ya "anafanya kazi".

Kosa hili hupendwa sana kwenye maswali ya kutafuta neno lenye kosa. Kwenye TOEFL ITP, mtihani ambao vyuo vingi huutumia kupima wanafunzi wao, sehemu ya sarufi ina maswali 40 ya dakika 25, na 25 kati yake ni ya aina hiyo. Ukigawanya, kila swali lina sekunde zisizofika 40. Huna muda wa kutafuta kila kona, kwa hiyo ukikutana na "who", "which" au "that", kimbilia mwisho wa kishazi uone kama kuna "it", "him" au "them" amejibanza.

Lakini usifyeke tu. "The man who told him the news" ni sahihi, kwa sababu aliyesema ni mwingine na aliyeambiwa ni mwingine. Jiulize: huyu "him" ni nani? Akiwa ni yuleyule wa "who", mteremshe.

4. -ji- na -ana

Hapa Kiswahili kinakupa jibu bure. Wanajipenda: "they love themselves". Wanapendana: "they love each other". Sema kwanza kwa Kiswahili, kisha jaza. Na ukiona "hisself" au "theirselves" kwenye majibu, ruka. Yamewekwa pale yakuteke.

5. Pima kwa "hajafika" na "hakufika"

Mtaani tunasema "nimekuja jana" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza kinashtuka. "Have" na "has" hazikai meza moja na wakati uliokwisha kufungwa: "yesterday", "last week", "two days ago", "in 2019". Ukiona neno kama hilo bila "since" mbele yake, kata majibu yote yenye "have" au "has". Mara nyingi yanabaki mawili tu.

Kukiwa hakuna neno la wakati, kanusha sentensi kwa Kiswahili. Ukanushi wetu ni mkali kuliko uyakinishi. Ukijisikia kusema "hajafika", bado mlango uko wazi, na jibu ni "has not arrived". Ukisema "hakufika", habari imeisha: "did not arrive".

Halafu jihadhari, -me- ya "nimekuja" ina uso mwingine. "Nimechoka" ni "I am tired", na "amelala" mara nyingi ni "he is asleep". Hapo -me- inaeleza hali aliyomo mtu sasa hivi.

6. "Tangu" inadanganya

"Naishi Tanga tangu 2015." Kiswahili safi kabisa. Ukikigeuza neno kwa neno unapata "I live in Tanga since 2015", na alama imekwenda. Jambo lililoanza zamani na bado linaendelea hudai "have lived" au "have been living". "Since" inataja lilipoanza, "for" inataja muda wenyewe. Ila "for" peke yake haitoshi kukuamulia: "I lived in Tanga for three years" ni sahihi kabisa kama ulishahama.

7. Akija, usiseme "will"

Kosa la "I will tell him when he will come" limezaliwa na "atakapokuja", maana ile -ta- inaita "will". Ibadilishe kwanza: nitamwambia akija. -ki- haina -ta- yoyote, na Kiingereza kinataka vivyo hivyo: "when he comes".

Kwenye -nge- na -ngeli- mambo yanageuka. Sisi pande zote mbili huvaa sare: ningekuwa tajiri, ningenunua shamba. Kwao upande wa "if" hauvai "would" katika sentensi za namna hii. Ni "If I were rich, I would buy a farm." Na "ningelijua, nisingelikuja" ni "If I had known, I would not have come." Kila ukiona jibu lenye "if I would", lipite kama hukuliona.

8. "Did" ameshabeba mzigo

"Did he went?" Hapana. Wakati uliopita umeshabebwa na "did", kitenzi kirudi kilivyozaliwa: "Did he go?"

9. Usiishie kwenye pengo

Kwenye kifungu chenye mapengo, kama kile cha nafasi 10 katika karatasi ya kwanza ya KCSE, dalili ya wakati inaweza kuwa sentensi mbili nyuma ya pengo, au mbele yake. Soma kifungu chote ukiwa umeweka kalamu chini. Inauma, dakika zinakwenda, lakini anayejaza huku akisoma huishia kufuta.

Ukikuta mambo mawili yaliyopita na moja limelitangulia lingine, rudi kwenye Kiswahili mara moja zaidi. "By the time we reached the stand, the bus ___." Tulipofika stendi, basi lilikuwa limeshaondoka. Umeona ulivyolazimika kutumia vitenzi viwili, "lilikuwa" na "limeshaondoka"? Mara nyingi Kiswahili chako kikidai vitenzi viwili hivyo, kule kwao kunadaiwa "had". Jaza "had left", nenda swali linalofuata.