Jina Bila Mabano: Somo la Tarakilishi kwa Wanakiswahili

Mpenzi msomaji, huenda ukashangaa kuona somo la tarakilishi katika jarida la Chama cha Kiswahili. Usishangae bwana! Python, lugha ya skripti iliyotolewa na Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991, haibagui majina. Ukiipa majina ya Kiswahili itayatumia bila kinyongo.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu Nyeri. Mkulima wa Othaya au Mathira hupeleka matunda ya kahawa kiwandani, naye karani huyapima na kuandika kilo. Tuseme bei ni shilingi 80 kwa kilo (ni mfano tu, msije mkanidai!). Katika faili iitwayo mizani.py tunaandika fanksheni, yaani maagizo yaliyopewa jina:

def malipo(kilo):
    return kilo * 80

Faili kama hiyo huitwa moduli. Sasa moduli ya pili, ripoti.py, inataka kuitumia fanksheni hiyo:

import mizani
hesabu = mizani.malipo
print(hesabu(25))

Jibu ni 2000. Je, umeona kwamba mstari wa pili hauna mabano? Hapo ndipo penye siri. Jina bila mabano ni sawa na kuonyesha kwa kidole: "Karani ndiye yule." Hakuna kilichopimwa bado. Jina lenye mabano ni kumwambia, "Haya, pima!" Ukiandika hesabu = mizani.malipo(25), hesabu itashika 2000, nambari tupu ambayo huwezi kuituma kazi tena.

Sasa tahadhari! Bei imepanda. Programu ikiwa bado inaendelea, moduli ya tatu inatunga fanksheni malipo_mapya, inayozidisha kilo kwa 100, kisha inaagiza:

mizani.malipo = malipo_mapya

Je, sasa hesabu(25) italeta ngapi? Wengi watajibu 2500. La hasha! Ni 2000 vile vile. Hesabu bado inamwonyesha karani wa zamani. Haina habari kwamba kiti kimepata mwenyewe mwingine. Hata kama ripoti.py ilianza kwa from mizani import malipo, mambo ni yale yale. Mkulima amepunjwa shilingi 500, na wala hakuna aliyeiba!

Dawa ni gani? Karani anayeweza kubadilishwa usimshike mapema. Muulizie ofisini kila unapomhitaji. Andika mizani.malipo(25). Python itaangalia ndani ya mizani wakati ule ule, imkute karani mpya, nawe upate 2500.

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Basi na hasara ndogo ndogo za wakulima wengi hukitoboa kibaba hicho.

ZOEZI: Andika makato.py yenye fanksheni ya kukata shilingi 5 kwa kila kilo. Itumie katika ripoti.py, kisha ubadilishe makato programu ikiendelea. Je, ripoti yako imejua?