Jiwe Moja, Kanuni Mbili: Usanifu wa Mwamko wa Ulaya katika Majengo ya Pwani

Utangulizi

Mpita njia wa Kona ya Musa, Ukunda, akikuta jumba lenye nguzo nene mbele na pembetatu ya paa juu ya mlango, aghalabu ataliita "jumba la kisasa". Jina hilo linapotosha, kwani mtindo huo una umri unaozidi miaka 2000. Makala haya yanabainisha chimbuko lake, namna ulivyofika pwani, na maana yake kwa wapenzi wa Kiswahili.

Chimbuko

Wagiriki na Warumi wa kale walijenga mahekalu kwa nguzo zenye vipimo maalumu. Katika karne ya 15 na 16, wakati wa Mwamko wa sanaa barani Ulaya, wasanifu wa Italia walivifufua vipimo hivyo. Andrea Palladio, aliyechapisha vitabu vyake vinne vya usanifu mwaka 1570, aliihamishia sura ya hekalu kwenye makao ya matajiri. Kanuni zilikuwa tatu: pande mbili zilingane, kila sehemu iwiane na jengo zima, na mwili wa binadamu uwe kielelezo cha uwiano huo.

Kufika Pwani

Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Umbo lake huakisi mwili wa binadamu, na sifa hiyo ilichangia kuingizwa kwake katika Urithi wa Dunia mwaka 2011. Hata hivyo, kuta zake ni za matumbawe, kama zilivyo kuta za Msikiti wa Kongo, Diani, penye mlango wa mto Mwachema. Jiwe ni lile lile. Kilichotofautiana ni kanuni. Msikiti hupimwa kuanzia kibla. Katika nyumba za mawe za Waswahili, nako, urefu wa boriti za mikoko ndio ulioamua upana wa chumba.

Nguzo na Mamlaka

Waingereza walizitumia nguzo hizo kutangaza utawala. Maktaba ya McMillan, Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, ina safu ya nguzo inayomkumbusha mtazamaji hekalu la kale. Miaka yake ya mwanzo, maktaba hiyo iliwahudumia Wazungu pekee. Nguzo zilibeba paa. Zilibeba pia ubaguzi.

Hitimisho

Kuuita mtindo huu "wa kisasa" ni kuuhukumu Msikiti wa Kongo kuwa masalio tu, ilhali nao una hesabu na hekima yake. Kiswahili kina nguzo, tao, kuba, boriti, kibla, ulinganifu na uwiano. Pengo lililopo ni istilahi za aina za nguzo na sehemu zake. Wanafunzi wa isimu hawana budi kuwaendea waashi wa Kwale kabla ya kufungua kamusi za kigeni, kwani ajengaye ukuta ndiye ajuaye majina ya viungo vyake.